Siku Mohua Alipozima Jenereta

Mohua hakujua kunong'ona. Akiingia nyumba ya mtu pale mjini Krishnanagar, jirani wa nyumba ya tatu alijua ameingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, hajaolewa, anauza sari kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na furushi kichwani, na wateja walimpenda na kumchoka kwa pamoja. Alimkumbatia hata asiyemjua. Alisimama karibu mno. Angeweza kumuuliza mwenye nyumba mbona siku hizi mumewe analala barazani, kisha akashangaa kwa dhati kwa nini chai haijaletwa. Na akishaanza kueleza pamba ya Shantipur inavyofumwa, huwezi kumkatiza hata ukivaa viatu utoke.

Mtu pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho ni Tirtho, mtoto wa shangazi yake. Tirtho alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya mji, mrefu, mwembamba, na maneno yake kwa siku ungeweza kuyafunga kwenye pindo la leso. Kila Jumapili alikuja kukaa barazani kwa Mohua. Yeye Mohua husema, yeye Tirtho husikiliza huku akisugua pindo la kurta, shati lake refu, kwa kidole gumba. Mara moja moja naye hufungua kinywa. Siku Mohua alipolalamika kwamba mteja amerudisha sari eti inamnenepesha, Tirtho alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Na kioo chake akirudishe alikokinunua." Mohua alicheka mpaka akashika ukuta.

Hao wawili walipimwa siku moja, kwa daktari mmoja, huko Kolkata. Wote wawili waliambiwa wana usonji. Mohua alilia njia nzima ya kurudi, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kumbe alivyogombezwa tangu utotoni, alivyofukuzwa kwenye vikundi vya wasichana, alivyoitwa hana haya, vyote vilikuwa na jina, na jina hilo halikuwa ubaya wa roho. Lakini Shangazi Binapani, mama yake Tirtho, alipoambiwa alicheka kwa pua.

"Tirtho sawa, huenda. Ni mkimya. Lakini wewe? Wewe unaongea kama redio iliyovunjika kitufe! Mwenye ugonjwa huo hataki watu. Wewe unawaganda watu kama kupe. Huna ugonjwa wowote, wewe una mdomo tu."

"Si ugonjwa, shangazi. Na daktari kasema wenye usonji hatufanani hata—"

"Daktari umemchosha akakuandikia upesi ili utoke."



Basi ikaja harusi ya Dipayan, mdogo wake Mohua, na binti wa Kolkata aitwaye Mekhala, mtoto wa wenyewe, baba mtu mwenye nyumba kubwa na sauti ndogo. Baba yao Mohua alishafariki, mama yao Shefali alikuwa mtu wa kuitikia tu, kwa hiyo mwenye kauli nyumbani mle alikuwa Shangazi Binapani. Yeye ndiye aliyechagua mpishi, turubai, hata rangi ya maua. Na yeye ndiye aliyemwita Mohua jikoni siku moja kabla ya karamu ya kumpokea bibi harusi.

"Kesho mchana utakaa ghorofani," akasema.

"Ghorofani kufanya nini? Kesho si ndiyo karamu yenyewe?"

"Ndiyo maana. Walipokuja kuposana ulimuuliza baba mkwe kama nywele zake amezipaka rangi."

"Si alikuwa amezipaka?"

"Mohua!"

"Naye alicheka, shangazi. Alisema kweli kazipaka."

Shangazi alivuta mlango wa jiko ukafungika. Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Mekhala alikuwa na binamu, Sohini, msichana mtu mzima, mwalimu, na Shangazi Binapani alikuwa ameshamtupia jicho kwa ajili ya Tirtho. Tirtho ndiye angesimama mlangoni na mrashi kuwanyunyizia wageni marashi ya mawaridi, ili wamwone. Kijana mpole, mwenye adabu, asiyesema ovyo. Habari za daktari zisingetajwa. Na mtu wa kuzitaja, wote wanajua, ni mmoja tu.

"Kwa hiyo yeye akinyamaza ni adabu," Mohua alisema, "mimi nikisema ni aibu. Kwako wewe usonji wa Tirtho ni wa kuficha, na wangu ni wa uongo. Na yeye umemuuliza kama ataweza kusimama pale mlangoni na maspika yale?"

"Mwanangu ananitii. Si kama wewe."

Mohua alimgeukia mama yake. Mama Shefali alikuwa akimenya viazi, na aliendelea kumenya viazi.

Kesho yake karamu ilianza kabla ya adhuhuri. Kombe la baharini likapulizwa, vigelegele vikapaa, jenereta ikanguruma nyuma ya nyumba, na maspika mawili makubwa kama makabati yakaanza kupiga nyimbo za filamu. Mohua alikuwa amevaa sari yake nzuri kuliko zote, ya manjano yenye pindo jekundu, akijiambia kwamba shangazi akimwona alivyopendeza atabadili nia. Alipanda chumbani ghorofani kuchukua bangili. Akasikia komeo likivutwa kwa nje.

"Ni kwa faida yako," ilisema sauti ya shangazi upande wa pili. "Chakula nitakuletea."

Mohua aligonga mlango mpaka viganja vikamuuma. Dada mkubwa wa bwana harusi, aliyembeba Dipayan mgongoni, aliyempeleka shule, amefungiwa kama mbuzi anayekula maua! Alilia kwa hasira, akajifuta, akaenda dirishani.

Chini aliuona ua wote. Dipayan na bibi harusi wamekaa kwenye viti vyekundu. Tahmina amekuja pia. Huyu alikuwa wakili, rafiki ambaye Mohua na Tirtho walimjua Kolkata katika kikundi cha watu wazima wenye usonji, na ungemtazama usingedhani. Sari yake haina mkunjo, anasalimia kila mtu kwa mpangilio, anatabasamu panapostahili. Maneno yote hayo huyatunga na kuyafanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, na baada ya kila shughuli hujifungia chumbani siku nzima, mapazia yameshushwa, hataki hata simu. Asubuhi Shangazi Binapani alikuwa amemshika mkono akimwambia Mohua, "Unaona? Huyu ndiye mtu. Jifunze kwa mwenzio."

Kisha Mohua akamwona Tirtho mlangoni.

Wageni walikuwa wakimpigapiga mgongoni. Wajomba wakimvuta kifuani. Mpiga picha za video alimmulika taa usoni, na spika moja ilikuwa nyuma yake kabisa. Kidole gumba kilikuwa kwenye pindo la kurta, kinasugua, kinasugua, mpaka kitambaa kikaanza kutatuka. Halafu akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Mohua aliijua dalili hiyo.

"Tirtho! Toka hapo! Mtoeni hapo!"

Wimbo ulimmeza. Hakuna aliyegeuka. Mbaya zaidi, Shangazi Binapani alikuja, akamnyang'anya mwanawe mrashi, akamkokota mpaka kwenye meza aliyokaa Sohini na wazee wake, akamketisha, akamwita mpiga picha.

Mohua alichukua mto mrefu wa kitandani akautupa dirishani. Uliangukia sufuria ya dengu, na dengu zikaruka juu ya mpishi. Mpishi alitukana. Watu wakacheka. Lakini Tahmina aliinua macho, akamwona Mohua dirishani akionyesha kidole, akafuata kidole kile mpaka kwa Tirtho, na tabasamu lake likazimika. Aliacha sahani yake, akapanda ngazi mbio, akavuta komeo.

"Nani amekufungia?"

"Baadaye! Baadaye!"

Waliposhuka, Tirtho alikuwa ameshaingia chini ya meza. Alikuwa amejikunja, mikono masikioni, anagonga kichwa chake kwenye mguu wa meza, na sauti iliyomtoka haikuwa maneno. Watu walikuwa wamezunguka. Mmoja alisema amelewa. Mwingine akasema pepo, mmwagieni maji. Mpiga picha alikuwa amepiga goti anaendelea kupiga. Na Shangazi Binapani, uso umemwiva, alikuwa ameinama anamzaba mwanawe makofi ya bega.

"Inuka! Inuka, watu wanakutazama! Umenivua nguo leo!"

Mohua hakwenda mezani. Alikimbia nyuma ya nyumba, akaisukuma pembeni miguu ya fundi aliyekuwa akisinzia, akaizima jenereta.

Kimya kilichoanguka pale uani kilikuwa kizito hata kunguru walisikika. Taa ya video ikafa. Mohua alirudi, akapenya kundi, akamshika shangazi yake mkono akautoa begani kwa Tirtho. Kisha yeye, mkumbatiaji wa dunia nzima, aliketi chini kwenye vumbi na sari yake ya manjano, mbali kidogo na meza, asimguse. Na akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwona Mohua akinyamaza. Kichwa cha Tirtho kiligonga tena, na tena polepole, kisha kikatulia.

"Huyu kijana ana nini?" aliuliza baba yake Mekhala.

"Jua tu," Shangazi akadakia. "Hajala tangu asubuhi."

Mohua akasimama.

"Si jua! Si pombe, si pepo! Ana usonji, na mimi ninao, tumepimwa siku moja, na mama yake anajua! Anajua kelele zinamchoma, akamsimamisha mbele ya spika ili apate mkwe! Na mimi akanifungia kwa komeo, siku ya harusi ya ndugu yangu, nisije nikasema!"

"Nyamaza wewe!" Shangazi alifoka. "Jamani msimsikilize, huyu ni mwongo. Mtu wa namna hiyo angesimama kuhutubia hivi?"

"Ndiyo! Nasimama! Naongea! Napenda watu, hata wasiponipenda! Yeye anapenda mmoja mmoja, mimi nawapenda wote kwa mpigo. Nani kawaambia sisi tumetoka kwenye kalibu moja kama matofali?"

Mama yake Mekhala alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Lakini kweli, dada, nyinyi wawili hamfanani hata kidogo."

"Na mimi ni wa tatu," ilisema sauti nyuma yao.

Ilikuwa ya Tahmina. Haikuwa ile sauti yake ya mazoezi. Ilikwama, ikapotea, ikarudi. "Mimi pia. Mlisema... asubuhi mlisema Mohua ajifunze kwangu. Msiseme hivyo tena. Mimi nawaogopa. Muda wote huu niliokaa hapa, nawaogopa, natabasamu. Kesho sitaweza kutoka kitandani. Hilo ndilo mnalotaka ajifunze?"

Wazee wa Sohini walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Dipayan alimjia dada yake, macho mekundu. "Umeniharibia, dada. Siku moja tu. Siku moja hukuweza kunivumilia."

"Ulijua nimefungiwa?"

Dipayan alitazama maua. Mohua alielewa kwamba alijua, na hilo lilimuuma kuliko komeo. Ni Mekhala, bibi harusi, aliyesema kwa sauti yake ndogo kama ya baba yake, "Jenereta isiwashwe. Tule hivi hivi." Basi karamu ikaendelea, samaki na mikate ya luchi na vitamutamu vya sarpuria, watu wakila kwa minong'ono, na Mohua akaketi mezani kama mtu wa nyumba, akala kila kilichopakuliwa huku machozi ya hasira yakimdondokea kwenye jani la mgomba lililokuwa sahani yake.

Jumapili iliyofuata Tirtho hakuja. Iliyofuata hiyo alikuja, ana bandeji kipajini. Mohua akaanza kumwaga maneno, ya shangazi, ya mpishi, ya Dipayan asiyepokea simu. Tirtho akainua kiganja.

"Ulisema mambo yangu."

"Nilikutetea! Walikuwa wanasema umelewa!"

"Komeo lilikuwa lako. Ungesema la komeo, la usonji wangu uniachie." Alipumua. Maneno mengi kwake yalikuwa kama kupanda mlima. "Sohini ningemwambia mwenyewe. Nilitaka kumwambia. Nilimpenda, dada Mohua. Siku ya posa alinipa nafasi ya kukaa dirishani bila kuniuliza kitu. Mama alidhani sitaki mke, ila nitatii. Wewe ulidhani sitaki kabisa. Hakuna aliyeniuliza."

Mohua alikaa na mikono mapajani. Kweli, hakuwa amemuuliza. Yeye aliyeuliza wateja mambo ya vyumbani mwao.

"Nisamehe," akasema.

"Bado nimekasirika."

"Sawa. Kasirika. Lakini hapa hapa, usiondoke."

Hakuondoka. Mwezi huohuo alihama kwa mama yake akapanga chumba karibu na maktaba. Wazee wa Sohini walikataa posa, ila Sohini mwenyewe alituma ujumbe kuuliza kama kidonda kimepona, naye Tirtho akajibu, na jibu likazaa jibu. Wataishia wapi ni shauri lao. Tahmina alilala siku nyingi, kisha akaandika kwamba kazini amewaambia, na kwamba mkuu wake alimjibu, "Mbona unaonekana mzima?" Mohua aliusoma ujumbe ule akataka kupanda treni akamtukane mtu huyo ana kwa ana.

Shangazi Binapani mpaka leo husema lilikuwa jua.

Na juzi, Mohua akiwa ametandaza sari zake mkekani kwa mteja wa mtaa wa mafundi wa vinyago, mteja akamkonyeza. "Hebu nieleze, Mohua. Yule binamu yako, kweli alilewa harusini? Au kichwa chake hakiko sawa?"

Maneno yalimjaa Mohua mpaka kwenye meno. Alikuwa nayo yote, tangu kwa daktari hadi kwenye mguu wa meza. Alivuta sari moja, akaikunja vibaya, akaikunjua.

"Kamuulize mwenyewe," akasema. "Yuko maktaba kila siku. Si msemaji, lakini ana masikio na ana mdomo. Na ukimuuliza namna hiyo ulivyoniuliza mimi, natumaini atakujibu kitu kitakachokunyima usingizi."

Mteja akanuna. Hakununua. Mohua akafunga furushi lake, akatoka juani kwa hasira, na njia nzima hakumsalimia mtu.