Sekunde Thelathini za Kambi Muru

Mwalimu Mburu, aliyefundisha somo la sauti katika chuo kimoja cha ufundi wa filamu na televisheni kule Kawangware, alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mwanafunzi aliyeivunja akafaulu. Ukimaliza kurekodi mahali popote, kabla ya kukunja nyaya, unawaomba watu wote wafunge midomo, kisha unarekodi ukimya wa mahali hapo kwa sekunde thelathini. Kila mahali pana ukimya wake, alisema, na mhariri atauhitaji kuziba mapengo. Wanafunzi walimcheka chinichini, lakini walirekodi.

Syokau hakucheka. Alikuwa binti wa Kitui aliyepanga chumba Kibera, na kama kuna kitu alichojivunia ni masikio yake. Jumanne hiyo asubuhi, yeye na mwenzake Tonny, mshika kamera, walikuwa Kambi Muru, mtaa wa hapohapo Kibera, wakimhoji Aoko kwa ajili ya filamu yao ya kumaliza kozi. Aoko aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kisumu Ndogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara ya lami, na pale penye lami, miaka mitatu nyuma, palikuwa na nyumba yake ya mabati.

Tingatinga lilikuja saa tatu asubuhi, yeye akiwa sokoni. Mumewe Osewe, bawabu wa usiku huko Riruta, alikuwa ametoka zamu na kulala. Tangu siku hiyo hakuonekana tena. Ripoti ya mkandarasi wa barabara ilisema wakazi wote waliamshwa wakatoka. Majirani wakamalizia wenyewe: Osewe amepata mwanamke Riruta.

"Mimi nataka karatasi tu," Aoko aliiambia kamera. "Iseme amekufa. Nyumbani wazee wanangoja kuzika yago."

"Yago ni nini, mathe?" Tonny aliuliza.

"Ni tunda. Mtu akipotea, mwili ukose kupatikana, tunazika hilo mahali pake. Lakini huwezi zika tunda la mtu aliye hai, ni mwiko. Wanataka wajue kwanza. Na mimi nikilia, watu wanasema nalilia bwana wa mwanamke mwingine."

Mahojiano yakaisha. Zilibaki dakika chache kufika saa tatu. Syokau akanyoosha maiki, akavaa hedifoni, akatangaza, "Ukimya wa mahali, sekunde thelathini." Tonny akaganda. Aoko akaganda. Hata mwenye mkokoteni wa maji akasimama, kwa adabu.

Ndani ya hedifoni, mtu alikuwa anakoroma. Mkoromo ulitoka chini ya lami, mzito, wa mtu aliyechoka hasa, na kila baada ya pumzi tatu ulikatika kwa mlio mdogo wa ulimi.

"Tonny, kuna mtu amelala hapa?"

Tonny akaangalia barabara juu na chini. "Zii. Hakuna msee."

Aoko akaomba hedifoni, naye Syokau akamchezea rekodi. Alisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake kikiwa kwenye goti.

"Ni Osewe," alisema. "Akilala chali anakoroma hivyo. Nimemwambia alale ubavu, hasikii." Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa na furaha ndani yake. "Kumbe hakuenda kwa mtu."

Darasani, Mwalimu Mburu alisema rekodi ni safi, ila mkoromo utamsumbua mhariri. Akawaagiza warudie. Walirudia Jumatano, saa ileile, wakapata mkoromo uleule, naye akawakata alama tano kwa kelele.

Alhamisi wakaandamana na Aoko hadi ofisi inayotoa vyeti vya vifo. Karani, Madam Eddah, alivaa hedifoni juu ya wigi yake akasikiliza mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii kazini.

"Una uhakika ni yeye?"

"Nimelala naye miaka kumi na tisa, madam."

"Na ako chini ya barabara?"

"Ako hapo."

Eddah akafungua faili, akaifunga. "Pole sana, mama. Lakini mtu anakoroma hajakufa. Huyu amelala."

"Miaka mitatu?"

"Kazi ya usiku inachosha," Eddah alisema, wala hakuwa anafanya mzaha. Kaka yake pia alikuwa bawabu. "Akiamka, mrudi."

Syokau alitoka pale hasira zimempanda mpaka akashindwa kula. Kesho yake alirudi Kambi Muru peke yake, bila kumwambia Aoko, na safari hii hakuzima kinasa sauti kwenye sekunde ya thelathini. Kwenye sekunde ya thelathini na nne, tingatinga likaanza kunguruma, ingawa barabara ilikuwa tupu. Mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia. Mabati yakagongwa upande wa mlangoni, na sauti ya mwanamume mwenye usingizi ikauliza, bila woga wowote, "Aoko, ni wewe?"

Baada ya hapo yalisikika mabati tu, kwa muda mrefu. Kisha hakukuwa na kitu, hata upepo. Syokau akazima kinasa sauti. Aliapa kwamba Aoko hatasikia sauti ile hata siku moja, lakini karani lazima aisikie.

Walienda na Tonny mchana huo. Eddah alisikiliza yote, akavua hedifoni polepole.

"Ameamka," alisema.

Akatoa faili. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya mkandarasi, naye akaisoma kwa kidole. "Hata hapa wameandika, wote waliamshwa. Kumbe walisema ukweli." Akaandika chini yake kwa mwandiko mzuri: Aliamka. Akagonga muhuri. "Sasa mtafuteni huko alikoenda."

"Madam, si umesikia hayo mabati?" Tonny alisema.

"Nimeyasikia. Fomu haina mahali pa mabati."

Filamu ilipita, ikiwa na upungufu wa zile alama tano. Majirani waliendelea na mwanamke wao wa Riruta, na nyumbani yago halikuzikwa. Aoko alihamisha meza yake ya omena hadi kando ya barabara ile. Kila asubuhi, saa tatu ikikaribia, huwaomba wateja wapunguze sauti kwa sababu kuna mtu ametoka zamu ya usiku, na wateja huagiza omena kwa kunong'ona.

Syokau siku hizi hurekodi sauti za harusi Kawangware. Kabla ya kwenda kazini hupitia hapo, akanyoosha maiki, akamvisha Aoko hedifoni. Huhesabu kimoyomoyo. Akifika ishirini na tisa, humvua.

"Bado amelala," Aoko humwambia.

"Bado, mama."

"Ndiyo maana siendi mbali. Huyu akiamka, kitu cha kwanza ni kuniita. Nisipoitika ataogopa."

Syokau hukunja nyaya zake, hununua mkebe mmoja wa omena, na kwenda zake kazini.