Wasichana Wanne, Pua Moja

"Huyu si wewe," msimamizi wa mtihani alisema, akaigonga kwa kucha picha iliyo kwenye kitambulisho changu.

Nikamwambia ni mimi. Akaitazama picha, akanitazama, akaitazama tena. Nina baka jeusi la kuzaliwa, linaanzia chini ya jicho mpaka kwenye taya. Kwenye picha halikuwapo. Nilikuwa nimeipenda picha ile kupita kiasi, na sasa ilikuwa inanikana mbele za watu.

"Kasimame kule na wenzako."

Wenzangu walikuwa wasichana watatu waliobanwa ukutani. Ilibaki robo saa mlango wa chumba cha mtihani ufungwe. Ulikuwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, na mwakani ningekuwa nimepita umri unaotakiwa. Kijasho chembamba kikanitoka.

Msimamizi, mama mmoja asiyepepesa macho, alivipanga vitambulisho vyetu mezani. "Nina wasichana wanne hapa, na pua moja. Nani kawatuma mje kuwafanyia wengine mtihani?"

Nilipoviona vimepangwa hivyo, nikaelewa. Sote tulipiga picha dukani kwa kaka yangu, ng'ambo ya barabara. Kaka ni fundi picha, tena fundi mvivu. Kwenye kompyuta yake kuna uso wa yule mrembo wa tangazo la mafuta ya kujipaka, na kila mteja hupitishwa humo: ngozi inang'arishwa, pua inachongwa, kidevu kinapunguzwa. Mwenyewe anaita kusafisha. Wateja hutoka wamefurahi, wanafanana kama miche ya sabuni.

"Mama, tafadhali, aitwe kaka yangu," nikasema. "Ndiye aliyetupiga picha." Mlinzi akatumwa.

Kaka alifika anahema, simu mkononi, picha za mwanzo, kabla ya kusafishwa, zimo zote. Wale watatu wakakaguliwa, wakaingia. Nikabaki mimi, roho juu juu.

"Huyu ulimbadilisha nini?" msimamizi akamuuliza.

Kaka akanitupia jicho. "Mambo madogo madogo tu, mama."

"Yataje. Muda unaokwisha ni wenu, si wangu."

"Baka nililitoa." Akameza mate. "Pua nikaipunguza. Midomo pia. Paji la uso nikalishusha. Rangi nikaing'arisha kidogo."

"Kidogo?"

"Sana."

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walisikia kila neno. Nilitamani ardhi inimeze. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, akapigana shuleni na walionicheka. Kumbe naye alikuwa akiuona uso wangu vile vile walivyouona wao.

"Na ulimwachia nini?"

Kaka akafikiri kwanza. "Macho," akasema kwa sauti ndogo. "Macho ni yake."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilimkasirikia, na nikajikasirikia mwenyewe zaidi, maana tangu nipewe picha ile nilikuwa nimenuniana na kioo cha nyumbani, kana kwamba ndicho kinachonisingizia.

Msimamizi akaichukua simu, akaisogeza karibu na shavu langu. Baka kwa baka, pua kwa pua.

"Huyu ni wewe. Naichapisha picha hii sasa hivi, nikutengenezee kitambulisho kingine. Ukifaulu, ndicho utakachovaa shingoni mpaka umalize chuo."

Mlinzi alikuwa ameshashika komeo la mlango. Kaka akanyoosha mkono kuelekea simu; sijui ilikuwa aibu au mazoea ya kazi.

"Mama, nipe sekunde moja. Jasho linang'aa hapo usoni kwenye picha. Nalifuta tu."

Nikamshika mkono. "Kaka, usiguse."

"Ni jasho tu, mdogo wangu."

"Najua. Liache."

Akanitazama usoni, moja kwa moja kwenye baka, na kwa mara ya kwanza sikuligeuza shavu upande. Akarudisha mkono mfukoni. Msimamizi akaichapisha picha ilivyo, akanivisha kitambulisho, nikaingia.