Siku Tisini si Miezi Mitatu

Fundi cherehani alijigamba kwamba hakuna kipimo kilichowahi kumpiga chenga. Ndiyo maana bintiye, mwenyeji wake huku ughaibuni, alipomwambia, "Mama, viza yako ya utalii ni ya siku tisini, tuzihesabu," alimkata kauli.

"Siku tisini si ndiyo miezi mitatu? Nimeingia tarehe saba, natoka tarehe saba. Kuhesabu nilikufundisha mimi!"

Sasa, kwenye uwanja wa ndege, afisa wa uhamiaji alipitisha kidole kwenye kalenda ya mezani.

"Mama, siku ya kuingia nayo inahesabiwa. Na miezi miwili hapa ina siku thelathini na moja. Leo ni siku ya tisini na tatu."

"Nisamehe, mwanangu. Sikukusudia."

"Najua. Ungekuja kuomba nyongeza wiki iliyopita, ungepewa. Leo utaondoka, lakini hutaruhusiwa kuingia tena mpaka mwaka upite."

Muhuri ukagongwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yake yalikuwa na mjukuu kweli. Jana tu alimshonea kigauni, akakiachia upindo wa vidole viwili wa kushushwa mtoto akirefuka.

"Mtu asiuguse," alikuwa amemwonya bintiye. "Nitakuja kuufumua mwenyewe."

Sasa alisogea pembeni, akapiga simu. Bintiye akapokea.

"Mama? Umepita salama?"

"Ule upindo," alisema. "Ufumue wewe."