Bia Iliyotiwa Hamira Kimya Kimya

Hili utaapa nimelitunga, ila kijiji kizima cha Hjellvik kilikuwepo, na kila mtu alikuwa na kikombe mkononi.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, saa tisa mchana, jua limeshajificha nyuma ya mlima. Eldrid aliwaita majirani waje kuonja bia mpya ya Krismasi, kama marehemu mumewe, Gudleik, alivyokuwa akifanya kila mwaka. Bia nyeusi, nzito, yenye harufu ya matunda ya mti wa mreteni, iliki na mdalasini, ile ya kunywa huku theluji imefika dirishani.

Sasa, kule Norwei anayetia hamira kwenye pipa lazima apige ukelele, tena wa nguvu, la sivyo bia inazubaa. Mwaka huu mafua yalikuwa yamemkaba Eldrid, koo halitoi kitu. Akatia hamira kimya kimya, akafunika, akaenda zake kulala. Bia ikajitafutia sauti yenyewe.

Wa kwanza kunywa alikuwa Oddvar, jirani wa bondeni. Alipoinua kikombe, povu likasema, "Oddvar, nishike mkono." Ilikuwa sauti ya Gudleik, meno yanagongana.

Oddvar akafuta masharubu. Akasema bia imeiva vizuri.

Kikombe cha Synnøve kikamwita Synnøve. Cha mwalimu Torgeir kikamwita Torgeir, kikaongeza kwamba taa yake inaonekana. Vikombe kumi na moja, majina kumi na moja.

Eldrid alisimama kando ya pipa na kata yake. Mwaka jana, barafu ya ziwa ilipompasukia Gudleik miguuni akazama, yeye Eldrid alikuwa zamu hospitalini, ng'ambo ya mlima. Hawa wote walikuwa majumbani, hatua chache tu kutoka ziwani, wanajinywea bia zao kwenye joto. Polisi walipouliza, walisema hawakusikia kitu, upepo ulikuwa mkali.

Alichotaka ni mmoja tu aseme alisikia. Mmoja angemtosha.

Akawauliza, kwa kile kisauti cha mafua, kama na leo kuna upepo.

Torgeir akachungulia dirishani, akasema leo kumetulia. Kikombe chake kilikuwa bado kinamwita.

"We mwalimu, unadonoadonoa kama kuku," Synnøve akamwambia. "Piga funda. Ukiimaliza inanyamaza."

Akaimaliza, ikanyamaza. Wakaongezewa, wakapiga mafunda, wakaulizana habari za kondoo na bei ya kuni. Kila kikombe kilichoisha, Gudleik alipungua. Mpaka pipani kikabaki kikombe kimoja, na desturi ni kwamba cha mwisho ni cha mwenye nyumba.

Eldrid akakichota. Povu likasema, "Eldrid." Halikuomba mkono. Likawa linatetemeka tu, linamsubiri.

Akawatazama wote kumi na moja, mmoja mmoja. Walikuwa wanavaa makoti. Akanywa polepole mpaka chini, na nyumba ikawa kimya kabisa.

Wakampa mkono mlangoni, mmoja baada ya mwingine, mikono yenye joto. Oddvar alikuwa wa mwisho.

"Tamu sana, dada," akasema. "Mwakani tu upunguze mdalasini kidogo."

Eldrid akasema atapunguza.

Ile bia ya mwisho angeimwaga, angekuwa amemmwaga mumewe. Angeiacha, povu lingekufa lenyewe mezani. Wewe kile kikombe ungekifanya nini?