Mtembeza Wageni wa York

Kitendawili! Sema "tega" basi, usinitazame tu. Anajua umri wa kila jiwe la mji, lakini ukimuuliza habari za nyumbani kwake, anakuwa jiwe yeye. Nani huyo? Umeshindwa? Haya, nipe mji. Nipe York, kule Uingereza, mwingine sitaki. Nimeuchukua York, nimekaa, nimekula, nimekunywa chai yao ya maziwa, na jibu lenyewe ni Rodney, mtembeza wageni.

Dada yake, Thelma, alitoka Kanada na swali moja moyoni: mama alipokuwa anakata roho, alimuulizia? Alitaka jibu kabla ya treni ya jioni. Rodney hakwenda hata kumpokea. Alimwambia kwenye simu, "Nina wageni saa nne, pale lango la Bootham. Ungana nao." Tumbo moja limewazaa, leo anaunganishwa na watalii!

Thelma akasimama katikati ya watu wenye kamera. Rodney alikuwa mbele, mwavuli mkononi.

"Karibuni York. Nawe mama wa koti la buluu, karibu, usione haya."

"Jina langu unalijua, Rodney."

"Mama wa koti la buluu ametuchangamkia mapema. Twendeni."

Wakapanda ngazi hadi juu ya ukuta wa mji. Chini, majani ya mteremko yalikuwa yamejaa maua ya njano, maana baridi ilikuwa imeshaondoka, na mama yao alikuwa ameondoka nayo. Thelma akajipenyeza hadi begani kwa kaka yake.

"Mama aliniulizia?"

Rodney akaligeukia kundi. "Lango tulikotoka, mabibi na mabwana, limesimama mahali palipokuwa na lango la Warumi."

Mzee mmoja wa kofia nyekundu akadakia, "Na ukuta huu ulimzuia nani?"

"Waliotaka kuingia. Anayetaka kwenda zake haujamzuia hata mmoja."

Watu wakacheka. Thelma akaangalia maua.

Mbele ya kanisa kuu, Rodney akawaeleza kuwa lilijengwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. "Walioanza hawakuliona likiisha," akasema. "Kuna waliobaki wakibeba mawe mpaka migongo ikapinda, na kuna waliokwenda kutafuta maisha mazuri ng'ambo."

"Hayo ya ng'ambo yamo kwenye historia," Thelma akauliza, "au umeyatia wewe?"

"Nimeyatia mimi. Chukua, ni ya bure."

Wakaingia kichochoro cha Shambles, kulikokuwa na mabucha zamani, nyumba za huku zimeinama zikitaka kugusana vipaji vya nyuso na za kule. Humo watu wanapita mmoja mmoja. Thelma akamkamata kaka yake mkono wa koti.

"Uliniambia mama kachoka kidogo tu."

"Nilisema hivyo."

"Ukasema nisijisumbue."

"Na hukujisumbua."

"Ningejuaje, Rodney? Hata mazishi ulisema ni shughuli ndogo!"

"Thelma, wewe si mgeni hapa. Baba alipoanguka kwenye paa akavunjika mguu, mfupa uko nje, alisema nini?"

Thelma akauachia mkono wa koti. "Alisema si mbaya sana."

"Na sisi tulifanya nini?"

"Tulikimbia kumwita daktari."

"Basi."

Wajukuu zangu, watu wa kule ndivyo walivyo. Kulalamika kwao ni aibu. Nyumba ikiungua, wanakwambia pana joto kidogo. Akikwambia usijisumbue, kamata ndege ya kwanza. Thelma alilelewa kwa maneno hayo, akayasahau. Au hakuyasahau, ila kuyaamini kulikuwa rahisi kuliko safari. Mungu ndiye anayejua, na yeye mwenyewe.

Mwisho wa kichochoro wageni wakaagana. Mzee wa kofia nyekundu akampa Rodney mkono. "Hodari wewe! Hakuna swali linalokushinda."

"Lipo moja," Thelma akasema.

Mzee akawatazama wote wawili, akaona hiyo ni mvua ya wenyewe na yeye hana mwavuli, akaenda zake.

Thelma akafunga vifungo vya koti. "Sikuulizi tena. Naenda stesheni."

Alikuwa ameshampa mgongo, ndipo Rodney akasema, "Hakukuulizia."

Thelma akasimama.

"Hakuwa na haja," Rodney akaendelea, macho yake kwenye mawe ya barabarani. "Akili ilimtoka miaka miwili kabla. Mimi ndiye niliyemlisha, mimi nikamwogesha, na kila nikiingia chumbani ananiita Thelma. Siku ile ya mwisho alinishika mkono, akasema, 'Ahsante, Thelma mwanangu. Yule kaka yako alituacha, lakini wewe umebaki.' Na mimi nikaitika."