Ubavu wa Kaka

Baba alisema karakana ataipata yule ambaye ubavu wake utatoka safi, na aliposema vile hakuwa anatania. Vumbi la mbao lilikuwa limemmaliza kifua, daktari alikwisha kumkataza hata kuvuka kizingiti cha karakana yake mwenyewe, na watoto wenye ufundi alikuwa nao wawili: Kaka, aliyerithi kimo chake na ukimya wake, na Kitinda, mziwanda wa kike, aliyerithi mdomo. Mzee mwingine angewaambia wagawane. Huyu hakuwa mtu wa kugawa. Aliwaletea mashua ya mfano, ndefu kama mkono wa mtu mzima, mifupa yake ameiunda nje uani kwa mikono yake, akampa kila mmoja ubavu mmoja na fungu la papi nyembamba za mbao alizokwisha kuzikata. Wafunike mifupa papi kwa papi, wasugue, wapake mafuta, mbao ionekane kama Mungu alivyoiumba. Rangi marufuku.

"Rangi ni blanketi," alisema. "Chini yake hata mchafu analala."

Sasa Kitinda, tusidanganyane, aliitaka ile karakana kwa kufa na kupona. Kiwanda cha makabati alikokuwa akipigilia misumari kutwa, msimamizi kamsimamia kisogoni, kilikuwa kimempunguza, na kazi nyingine hakuiona. Kaka naye alikuwa na mke, watoto na kodi ya nyumba. Hata hivyo Kitinda hakuona haya kufurahi, maana tangu mwanzo kazi yake ilikwenda kama maji. Aliziloweka papi kwenye maji ya moto, zikapinda, zikalala, zikashikana bila kuacha nafasi ya kupitisha unywele. Upande wa pili Kaka alikuwa akihema. Zake zilikatika, zikajikunja, zikaacha mianya, naye akawa anaiziba kwa uji wa gundi na unga wa mbao.

"Kaka, leo unapika?" Kitinda akamwuliza. "Huo uji wa watu wangapi?"

"Wewe angalia kwako."

"Kwangu kumetulia, bwana. Sina hata cha kuangalia."

Kaka akakoroga uji wake.

Walipomaliza wakasugua, kwa msasa mkali kwanza, kisha mlaini, wakifuata urefu wa papi. Ukisugua kwa kukata nyuzi za mbao, mikwaruzo utaikuta baadaye inakusubiri na huna la kuifanya. Wakapitisha kitambaa chenye maji ili vinyweleo vya mbao viinuke, wakaacha ikauke, wakasugua tena. Mashua ikawa nyeupe-nyeupe pande zote, na kwa mbali usingejua upi ubavu wa nani. Kitinda akapitisha kiganja upande wa Kaka, akashtuka kidogo. Ulikuwa laini kuliko wake.

"Tupake tu rangi ya bluu, yaishe," Kaka akasema, nusu anacheka.

"Thubutu!"

Siku ya mafuta Baba aliketi nje, kwenye kiti cha plastiki, leso puani. Ndani, Kitinda alikunja kitambaa, akachovya, akaanza upande wake. Weee! Mbao ikakolea rangi ya chai ya rangi, nyuzi zikajitokeza moja moja, zimenyooka kuanzia mbele hadi nyuma. Akahamia upande wa Kaka. Papi zikanywa mafuta, lakini uji haukunywa. Gundi hainywi kitu. Kila mwanya uliozibwa ukabaki na doa jeupe, ubavu mzima ukawa kama uso wa mtu aliyepaka poda kisha akalia.

Moyo wa Kitinda ukaruka. Alimpenda kaka yake, lakini alifurahi, na nani angemlaumu? Karakana ilikuwa yake. Akaanza hata kuwaza dirisha la nyuma atalipanua.

Akachukua kitambaa kikavu apanguse mafuta yaliyozidi, na hapo ndipo akainama karibu. Papi za Kaka, zilizokolea sasa, zilikuwa na nyuzi zinazokwenda kila upande, zimejiviringa, zimepishana. Zilikuwa na vifundo vigumu. Pale mbele, mashua inapochongoka na papi inapotakiwa kupinda na kujisokota kwa pamoja, kulikuwa na moja yenye kifundo katikati kabisa, nayo ilikuwa imepinda bila kupasuka. Kitinda aliitazama ile papi, akajua yeye asingeiweza. Angeivunja kabla haijatoka majini.

Akarudi kwake. Nyuzi zilizonyooka, hakuna kifundo hata kimoja. Zote zilitoka kwenye ubao mmoja, tena moyo wa ubao.

"Ulijua?" akamwuliza Kaka.

"Siku nilipofungua fungu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Baba ndiye aliyekata."

"Ungeniambia mimi."

Kaka akapangusa vidole. "Ulikuwa umefurahi sana, mdogo wangu."

Kitinda akaitazama tena ile papi yenye kifundo. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wakamtolea Baba mashua. Akaiweka magotini, akaigeuza upande huu, akaigeuza ule. "Huu wa Kitinda," akasema. "Mmeona wenyewe." Akatoa ufunguo, akamnyooshea.

"Baba, papi nzuri ulinipa mimi."

Mzee hakumung'unya maneno. "Nilikupa. Kaka yako ana mikono, popote umtupe atakula. Wewe nikifa leo, kesho unarudi kwenye misumari."

Hilo lilimuuma Kitinda kuliko kushindwa. Miaka yote alijua yeye ndiye fundi wa nyumba ile, kumbe babake alikuwa akimhurumia.

"Basi sijashinda," akasema. "Nimebebwa."

Aliupokea ufunguo, akautumbukiza mfukoni mwa shati la Kaka, maana mikono ya kaka yake bado ilikuwa na mafuta.

"Na wewe utaishi vipi?" Baba akafoka.

"Nitamwomba kaka kazi. Lakini kwanza nikatie papi kama zake, Baba. Mbaya hivyo hivyo. Nibandue ubavu wangu, nianze upya, nijue mimi ni nani."

Baba akatazama ndani kupitia mlangoni, kwenye rafu za mbao, akakohoa, akajifuta mdomo kwa leso.

"Zimekwisha, mwanangu," akasema. "Zote nilimpa kaka yako."