Foki ya Nohemí

Jumatatu iliyopita sindano ilimwingia Nohemí kidoleni naye akaendelea kushona, mpaka alipoona damu kwenye gauni jeupe la komunyo. Kidole hakikuwa kimesikia kitu. Ni mtikiso wa usukani wa baiskeli kila Jumapili uliomtia ganzi. Sasa fundi cherehani mwenye vidole vilivyokufa ganzi atakula nini? Akajiapiza: Jumapili hii anapanda mlima wa San Félix na wenzake kwa mara ya mwisho, kisha baiskeli inauzwa. Ilimuuma sana. Tangu afiwe na mume, hakuwa na starehe nyingine.

Chini ya mlima shemeji yake Arbey alimpitia kila mtu wa kundi lao la baiskeli kama kawaida yake, akikandamiza foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa kiganja na kuzungusha kidude chekundu kinachobana njia ya mafuta ndani ya shokapu. Kikibanwa, foki inakuwa ngumu kama gogo. Kikilegezwa, inabonyea kila ukikanyaga pedali. Akishaikaza, haigusi mtu mpaka nyumbani.

"Foki inayodunda inakula miguu, shem," alisema akikaza ya Nohemí. "Na wewe miguu yenyewe ya kuazima!"

Wenzao wakacheka. Nohemí naye akacheka, kwa uchovu tu. Kundi lilipompotea kwenye kona ya kwanza, alishuka akailegeza yote. Siku ya kuaga, angalau mikono ipumzike.

Foki ilidunda njia nzima hadi akajionea aibu. Lakini mawe yalipita chini yake bila kumtetemesha viganja.

Kileleni Arbey alimpa kikombe cha maji moto ya sukari guru. "Kama kila Jumapili, shem. Sisi tumeshakunywa, wewe ndiyo kwanza unachomoza." Kisha akabonyeza foki. "He! Nani kailegeza hii? Lete niikaze, bado kuna kilima cha kurudia. Utaachwa."

"Toa mkono."

"Shem, sikiliza..."

"Toa mkono, Arbey! Miaka mitatu unanikazia, miaka mitatu mnaniacha. Leo imelegea, nimefika saa ileile. Sasa ulikuwa unaniokolea nini?"

Arbey akaondoa mkono.

Nohemí alishuka peke yake kwenye ukungu, polepole, mwili umechoka hoi. Karibu na Salamina, mjini kwao chini ya mlima, vidole vikaanza kuuma kwa baridi, vyote, maumivu makali ya kutoa machozi. Akasimama kando ya barabara akavipuliza, akalia kwa hasira na kwa furaha, kwa sababu vilikuwa vinauma.